Mche Mmoja wa Mbaheni

Hapo zamani, babu wa babu yangu hajaota hata jino la kwanza, kulikuwa na mlima ukiitwa Mbaheni, na juu ya mlima huo kulikuwa na msitu wa mipodo. Nasema mipodo, na wewe ambaye hujawahi kuiona unadhani nasema miti tu. Subiri kwanza. Mpodo mmoja wa Mbaheni uliwataka watu saba kuuzunguka kwa mikono, na yule wa saba bado alikuwa anapapasa asimpate mwenzake. Uingie humo jua likiwa utosini, mle ndani ni jioni. Ukikohoa, kikohozi chako kinakurudia kutoka mahali usipopajua. Watu wa Mbaheni wakifika ukingoni walikuwa wanashusha sauti, hata walevi, na mlevi akishusha sauti ujue kuna jambo.

Walikuwa na desturi mbili kuhusu mipodo hiyo, nisikilizeni vizuri.

Ya kwanza ni hii. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikauka na kudondoka, kinatiwa katika kibuyu kidogo. Mkunga anakwenda nacho msituni kutafuta mche mchanga wa mpodo, mche mmoja kwa mtoto mmoja. Anachimba, anakifukia, anarudi kijijini anasema, "Huyu sasa ni mtu wetu." Kabla ya hapo mtoto ni mgeni. Analishwa, anapendwa, anachapwa akikosea, lakini ni mgeni. Mgeni hapewi shamba wala harithi. Mgeni hasemi barazani. Mgeni haozwi.

Ya pili: mpodo unaozaa haukatwi. Mama hapigwi shoka. Ukitaka boriti ya nyumba, mkunga anazunguka na udongo mwekundu, anatafuta mpodo ambao haujawahi kuonekana na tunda hata moja, anaupaka alama kwenye shina. Huo ni tasa, kata. Ndivyo walivyofanya tangu enzi na enzi, na waliona wanauhurumia msitu wao. Na kweli walikuwa wanauhurumia! Nani angewalaumu?

Basi, ikafika zamu ya mkunga aitwaye Nakijwa. Mwanamke mfupi, mikono mipana, mdomo haujui kubembeleza. Mwaka mmoja wa ujana wake alikwenda msituni na kibuyu mkononi, akatafuta mche kutwa nzima, asiuone. Akarudi siku ya pili, asiuone. Akakitundika kile kibuyu darini kwake akasema, "Mwakani." Mwakani akatundika vibuyu vitano. Miaka ikaenda, thelathini ikatimia, na dari ya Nakijwa ikawa imejaa vibuyu mpaka ukiinuka vibaya vinakugonga kichwani. Nusu ya kijiji sasa walikuwa wageni. Watu wazima wenye ndevu, wageni. Wanawake wenye watoto wao, wageni, waliozaa bila kuozwa kwa kuwa hakuna baraza lingewaoza.

Na mmoja wa wageni hao alikuwa Naetwe, binti yake Nakijwa mwenyewe, mama wa mapacha wawili wanaonyonya.

Hapo ndipo shida ilipomkaba Nakijwa. Kifua chake kilikuwa kimeanza kukereza, na yeye aliyewasikiliza wengine pumzi maisha yake yote hakuhitaji mtu wa kumwambia. Akifa yeye, shamba lake linarudi kwa ukoo. Naetwe atashuka tambarare na watoto mgongoni, aende kuomba pa kulala kwa watu asiowajua. Nakijwa alikuwa akimtazama binti yake anavyopalilia maharage, anavyoyasemesha kana kwamba ni yake, na moyo unamuuma vibaya sana.

Mtawala wao, ambaye kwa lugha yao humwita mfumwa, akaitisha baraza. Akasema, "Atakayeurudisha mpodo katika mlima huu, mche wa kwanza ni wake. Yeye ndiye atakayetaja kitovu kitakachozikwa chini yake, na hakuna atakayembishia." Watu wote wakaitikia. Mnaona? Ahadi nzuri, tena rahisi. Ahadi zote ni rahisi siku ya kutolewa.

Nakijwa akarudi nyumbani, akasokota kamba za mgomba. Akasokota nyingi, mpaka Naetwe akamuuliza, "Mama, unataka kumfunga nani?"

"Msitu," akasema.

Akaingia msituni. Alitembea kwa mstari, na kila hatua kumi alisimama, akatazama mti uliosimama karibu. Ukiwa mpodo, anapiga fundo kwenye kamba, fundo nene kwa mti mkubwa na jembamba kwa mdogo. Ukiwa mkulo, anafunga kipande cha ganda lake linalonukia. Ukiwa mshai, anafunga ukoka. Kisiki cha mpodo uliokatwa, anafunga kitambaa kilichopakwa udongo mwekundu. Kamba ikiisha, anahesabu hatua ishirini pembeni, anaanza kamba nyingine. Miezi minne alifanya hivyo. Watu walicheka. Walisema mama mkunga ameanza kuizalisha miti.

Siku alipomaliza alizitandaza kamba zote uani, moja pembeni ya nyingine, kama zilivyopita mlimani. Alizinyoosha kwa magoti mpaka kiuno kikakataa. Halafu akapanda juu ya kinu, akatazama chini.

Jamani. Aliuona msitu mzima umelala uani kwake. Yeye aliyezaliwa ukingoni mwake, aliyeuingia mara elfu, hakuwa ameuona hata siku moja. Walikuwa wakiuita msitu wa mipodo, kumbe katika kila miti kumi mipodo ilikuwa miwili tu. Iliyobaki ni mikulo, mishai, miringaringa, kila mmoja umesimama mahali pake kana kwamba uliambiwa simama hapa. Mipodo mikubwa haikukaa pamoja. Ilikaa mbalimbali, kila mmoja na uwanja wake. Na chini ya mama hakukuwa na mtoto. Hata mmoja! Watoto wa mwisho, mipodo myembamba ya miaka thelathini iliyokuwa na vitovu vya watu aliowajua kwa majina, wote walisimama chini ya mishai, mbali na mama zao, pale ndege hondohondo wanapopenda kutua baada ya kula matunda.

Hilo lilimfurahisha. La pili ndilo lililomtoa machozi.

Vile vitambaa vyekundu. Kila palipokuwa na kitambaa chekundu, mafundo membamba yalikizunguka. Hapa kisiki, na watoto pande zote. Pale kisiki, na watoto pande zote. Palipokuwa na mama wengi na hakuna kisiki jirani, hakukuwa na mtoto wala dalili ya mtoto. Nakijwa alihesabu, akahesabu tena, akashuka kwenye kinu na kukaa chini kwenye vumbi.

"Naetwe," akaita. "Njoo uone. Wale hawakuwa tasa."

"Walikuwa nini, mama?"

"Walikuwa baba."

Miti kumi na mmoja ya mwisho aliipaka yeye, kwa mkono wake, akiwa msichana anayejivunia kazi mpya. Alilia mbele ya mapacha, na wao wakadhani ni mchezo, wakaanza kulia naye.

Sasa je, alibaki baba hata mmoja? Nakijwa alipita kamba zote, hakuna. Msitu mzima wa wajane. Ila ng'ambo ya korongo, katika ardhi ya mzee mmoja aitwaye Kateri, kulikuwa na mpodo ambao haukuwahi kuzaa, na ambao haukukatwa.

Kwa nini haukukatwa? Kwa ukaidi, ndugu zangu. Si kwa hekima, wala si kwa ndoto. Kateri aligombana na kaka yake juu ya beberu aliyekula miche ya migomba, na kaka yake alipokuja kutaka boriti, mkunga akiwa ameshaupaka mti alama, Kateri akasimama mbele ya mti akasema, "Hata fito hupati." Baraza likamwamuru, akakataa. Likamwamuru tena, akalitukana. Basi wakamtenga. Hakunywa dengelua, ile pombe yao ya miwa, katika kibuyu cha mtu. Hakusalimiwa njiani. Miaka thelathini na mmoja! Mkewe alipofariki, alizikwa na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wapita njia.

Nakijwa akavuka korongo, kifua kinakereza, akafika kwa Kateri. Ilikuwa wakati wa vuli, na upepo ulikuwa umetulia.

"Shikamoo, Baba Elinaja."

Mzee alikuwa amesahau jibu lake. "Marahaba," akasema mwishowe. Elinaja alikuwa mtoto wake wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mitano, na kitovu chake kilikuwa kwenye dari ya Nakijwa pamoja na vingine.

Kabla hawajasema la maana, upepo ukaja. Ule mti ukajitikisa, na moshi wa manjano ukatoka ndani yake. Si moshi, ni vumbi, laini kuliko unga wa mahindi. Ulitoka matawi yote kwa pamoja, ukafunika jua, ukamfunika Kateri na mbuzi wake na Nakijwa mwenyewe, ukaelea juu ya korongo, halafu upepo ukaugeuza na kuupeleka tambarare, mbali na msitu, kusikokuwa na mpodo hata mmoja wa kuupokea. Nakijwa alisimama mdomo wazi, ulimi una ladha ya vumbi lile. Akakumbuka. Alipokuwa mtoto, kila vuli mlima mzima ulikuwa wa manjano! Wakubwa walikuwa wakisema msitu unapiga chafya. Ni lini uliacha? Hakuna aliyejua. Hakuna hata aliyegundua kwamba umeacha.

"Huwa unafanya hivi kila mwaka?" akauliza kwa kunong'ona.

"Kila mwaka," Kateri akasema. "Unanichafulia mbuzi."

Nakijwa akamweleza yote, na kwamba vumbi lile ndilo wale mama wanalolingoja ili wazae miche. Kateri alisikiliza, akautazama mti wake kwa jicho jingine. Akasema, "Chukueni matawi mnayotaka." Na tangu siku ile haikukatwa boriti ya mpodo tena Mbaheni.

Lakini matawi ni kitu kimoja, na kuyafikisha kwa wale mama ni kitu kingine. Vilele vyao viko juu, huko ambako hata tumbiri wanafikiria mara mbili. Kijijini kulikuwa na mrina asali mmoja, Senzighe, mgeni wa kwanza kabisa, yule ambaye kibuyu chake kilitundikwa mwaka wa kwanza. Hakuwa na shamba, kwa hiyo aliishi kwa kupanda miti. Nakijwa akamwendea, akamweleza.

"Ni mingapi, mama mkunga?"

"Inayozaa bado ni arobaini na mitatu."

Senzighe akacheka. Halafu akaona hachekeshwi. "Haya," akasema, "nitafutie kamba."

Vuli mbili alifanya kazi hiyo. Aliyabeba matawi ya baba kwa kuvuka gogo juu ya korongo, akapanda, akayafunga vileleni upande upepo unapotoka, akashuka, akapanda mwingine. Alirudi jioni amepakaa manjano mpaka kope. Alisema huko juu aliviona vilele vyote vya Mbaheni vikipumua kwa pamoja, na kwamba hakuwa na maneno ya kusema alichokiona, na mrina asali ni mtu wa maneno mengi. Mti wa arobaini na mbili, tawi lilivunjika. Senzighe akaja chini nalo. Paja lilivunjika mahali pawili, na Nakijwa aliyemfunga alijua tangu siku ile kwamba mguu huo hautapanda tena kitu kirefu kuliko kitanda.

Na mti wa Kateri? Matawi yalikatwa mengi mno, na mvua ya mawe ikaupiga ungali na vidonda. Uliishi, lakini ulikauka upande. Walioujua walisema utakaa miaka kumi, labda na zaidi, kabla ya kutoa tena lile vumbi lake, kama utatoa.

Wakasubiri. Matunda yakaja, hondohondo wakala, mvua zikanyesha. Nakijwa alikuwa akiingia msituni kila siku akijikongoja, akitazama chini ya mishai. Siku moja asubuhi, alipopiga magoti chini ya mshai mmoja kupumzisha kifua tu, akaona vijani viwili, vyembamba, vya kijani kibichi, vimesimama wima kwenye mboji. Mche! Urefu wake kidole cha mtoto.

Alikaa pale akiutazama. Miaka thelathini na mitatu. Mti utakaotaka watu saba kuuzunguka, na sasa pumzi yake yeye ingetosha kuuinamisha. Aligeuza uso ili asiupumulie.

Katika pindo la kaniki yake kulikuwa na kibuyu cha Naetwe. Alikuwa akitembea nacho kila siku. Hapakuwa na mtu. Mkunga akizika kitovu, kimezikwa; hakuna wa kukifukua. Alitoa kibuyu. Alichimba kijishimo kwa kidole. Sikilizeni, huyu ni mama, anakufa, na binti yake hana pa kwenda. Alikishika kibuyu juu ya kile kishimo mpaka mkono ukafa ganzi.

Halafu akakirudisha kwenye pindo, akaenda kuwaita watu.

Walikuja wote. Walisimama mbali, baadhi wanalia. Walitafuta mlima mzima siku saba, chini ya kila mshai, wasipate mche mwingine. Ulikuwa huo mmoja. Tena hakuna aliyejua kama utakua mama au baba, jambo hilo lingejulikana wakati wengi wao hawapo. Mfumwa akasema, "Nilitoa ahadi. Nani aliyeurudisha mpodo?"

Wakasimama watatu. Senzighe alisimamia fimbo.

Kateri akatangulia. "Mche huu una baba mmoja tu anayejulikana duniani, naye ni mti wangu. Mnasema niliulinda kwa ukaidi. Ndiyo, kwa ukaidi! Mti uliniuliza sababu? Nyinyi wenye heshima mlikata wote, mimi mkaidi nikabakiza. Nimemzika mke wangu na watu wanne. Sasa mti wenyewe mmeumaliza. Elinaja wangu ana mchumba, na baba wa msichana ameniambia hamtoi binti kwa mgeni. Zikeni kitovu cha mwanangu."

Watu wakasema, "Kweli, kweli."

Senzighe akasema, "Mzee Kateri alikuwa na mti miaka yote, na upepo ukalitupa vumbi tambarare. Alikuwa nacho, hakujua alicho nacho ni nini. Mama mkunga alijua, lakini alijua akiwa amesimama juu ya kinu. Mimi nilisimama wapi? Waulizeni hao mama arobaini na wawili. Nilikuwa naishi kwa miguu miwili, sasa nina mmoja. Mgeni mwenye miguu hula. Mgeni kilema asiye na shamba hula nini? Na mimi ndiye wa kwanza kutundikwa dari ile. Zikeni kitovu changu."

Watu wakasema, "Kweli, kweli," na mmoja akageuka kuficha uso.

Nakijwa akasema wa mwisho. Alishika mti asianguke. "Baba Elinaja alikuwa na kitu, Senzighe alikuwa na nguvu, na bila mimi wote wawili wangezeeka hivyohivyo, mmoja na mbuzi wake wa manjano, mwingine na mizinga yake. Nilihesabu msitu mzima kwa magoti. Na siku nilipouona mche nilikuwa peke yangu, kibuyu cha mwanangu mkononi. Mngejua nini? Niliwaita. Sitauona mche wa pili, mnasikia kifua changu. Zikeni kitovu cha Naetwe."

Hakuna aliyesema "kweli". Mwanamke mmoja, bibi kizee, akauliza taratibu tu, "Na ile miti kumi na mmoja, Mama Naetwe? Ilipakwa na nani?"

"Na mimi," akasema Nakijwa.

Naetwe alikuwa hapo, pacha mmoja mgongoni na mmoja ameshika nguo yake. Alimshika mama yake mkono, akasema, "Mama, twende zetu nyumbani." Lakini Nakijwa hakuweza kwenda, kwa sababu mkunga ndiye anayezika, na hakukuwa na mkunga mwingine Mbaheni.

Mfumwa alitazama huku, akatazama kule. Alitoa jasho. Mwisho akasema maneno ambayo watu wa mlima ule wanamlaumu kwayo mpaka leo. "Mama mkunga, wewe ndiye uliyewapokea wote hawa mikononi. Wewe utazika. Zika cha anayestahili."

Wakaviweka vibuyu vitatu mbele yake kwenye majani. Nakijwa akapiga magoti, akachukua kijiti cha kuchimbia. Akamtazama Elinaja, ambaye alikuwa anatazama chini. Akautazama mguu wa Senzighe alioufunga yeye mwenyewe. Akawatazama mapacha. Hondohondo juu ya mshai hakupiga hata bawa.

Mkono wake ukanyooka.

Mimi ninaishia hapo. Wewe hapo usinitolee macho, na wewe acha kumnong'oneza mwenzako, sema watu wasikie. Aliyekuwa na mti, aliyevunjika mguu, au aliyejua na kuwaita wenzake akiwa ndiye aliyeikatisha ile miti kumi na mmoja? Ungekuwa wewe umepiga magoti pale, mkono wako ungegusa kibuyu cha nani?